Mabalozi wa kigeni Dar na Unguja, 1961–1968: nani alikuwa anamwendesha nani?

MzeeWaKivukoni

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa Muungano kuna ndugu aliandika kwamba Tanganyika ilipopata uhuru haikuwa na sera yoyote ya nje, mabalozi wa mataifa makubwa ndio walikuwa wanatuendesha watakavyo. Sikumjibu kule kwa sababu watu walishaanza kutukanana. Namjibu hapa. Mimi naona ni kinyume chake: nchi ile masikini, yenye vikosi viwili tu vya askari, iliwanyima usingizi mabalozi wa wakubwa kuliko wao walivyotunyima sisi. Ila ililipa, na malipo yenyewe ndiyo tusiyopenda kuyazungumza.

Nianze kabla hata mabalozi hawajashuka uwanja wa ndege. Machi 1961, nchi bado ni ya Mwingereza, Nyerere aliandika kwenye gazeti la Observer la London kwamba Afrika Kusini ya ubaguzi ikibaki ndani ya Jumuiya ya Madola, Tanganyika haitaingia. Hatukuwa na wizara ya mambo ya nje. Siku chache baadaye Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini, akaondoa ombi lake la kubaki, na Mei 31 wakatoka. Sisemi ni makala ile peke yake iliyowatoa. India, Ghana, Malaya na Kanada nao waliwabana. Lakini aliyeandika alijua anaandika wiki gani.

Jambo la pili watu wengi hawalijui, ingawa wanasheria wa kimataifa wanalifundisha mpaka leo. Desemba 1961 serikali ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mikataba ambayo Mwingereza aliisaini kwa niaba yetu. Msimamo ulikuwa hivi: mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili tu. Ndani ya muda huo anayetaka iendelee aje tuzungumze. Muda ukiisha bila makubaliano, mkataba umekufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa yenyewe inasema lazima uendelee. Nchi nyingine zilizokuwa zinapata uhuru zilikuwa zinasaini tu hati ya kurithi kila kitu na kumaliza. Uganda na Kenya baadaye zikafuata njia inayofanana na ya kwetu.

Julai 1962 barua nyingine zikaenda Uingereza, Misri na Sudan: makubaliano ya maji ya Nile ya 1929 hayatufungi. Hebu fikirieni, nchi ina miezi saba.

Sasa mabalozi wenyewe. China ilitambuana na Tanganyika siku ileile ya uhuru, Desemba 9, 1961, na balozi wao He Ying akaja 1962, akakaa mpaka mwisho wa miaka ya sitini. Marekani ikamleta William Leonhart mwaka huohuo wa 1962. Sisi tulipeleka tulichokuwa nacho. Umoja wa Mataifa akaenda Dk. Vedasto Kyaruzi, daktari wa binadamu. London akaenda Sam Ntiro, mchoraji, aliyesoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade hukohuko London. Wasomi walikuwa wa kuhesabu, na kila aliyepelekwa nje aliacha pengo nyumbani.

Yote hayo ni utangulizi. Moto uliwaka upande wa pili wa maji.

Zanzibar ikapata uhuru Desemba 10, 1963, ikaingia Umoja wa Mataifa Desemba 16 siku moja na Kenya, na Januari 12, 1964 mapinduzi. Sasa hapo linakuja suala la kutambuliwa. Kambi ya mashariki ilikuja mbio. Uingereza na Marekani wakasita kwa wiki sita, na kusita kwenyewe kuliwagharimu. Kaimu balozi wa Marekani, Frederick Picard, alitolewa kisiwani kwa mtutu wa bunduki mwezi uleule wa Januari. Februari, Babu akiwa waziri wa mambo ya nje na Karume rais, wawakilishi wa nchi zote mbili waliambiwa wafunge mizigo: serikali zenu hazitutambui, nyie hapa mnamwakilisha nani kwa nani? Februari 23 London na Washington zote mbili zikatambua. Aprili Karume akawaambia Wamarekani waondoe pia kile kituo cha Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga.

Halafu Aprili 26, Muungano. Na hapa ndipo pazuri. Mkataba wa Vienna wa uhusiano wa kibalozi ulikuwa umeanza kutumika siku mbili tu kabla, Aprili 24, 1964. Mambo ya nje yakawa ya Muungano. Nchi ikiwa moja, balozi anapeleka hati zake za utambulisho kwa rais mmoja, na ubalozi unakuwa mmoja. Sasa zile balozi zilizokwishafunguliwa Unguja ziende wapi? Jibu la Dar: zishuke ziwe balozi ndogo. Karibu wote wakakubali.

Mjerumani wa Mashariki akakataa. Nitaendelea na hilo, nikimaliza shughuli.

chai_ya_rangi

Naweka kambi hapa. Mzee usitukimbie kama kwenye uzi wa reli.

Kikwajuni_Juu

Asalaam aleikum. Sheikh umeandika vizuri lakini umepita haraka pale palipo petu. Zanzibar ilikaa kwenye kiti cha Umoja wa Mataifa kuanzia Desemba 1963 mpaka Aprili 1964. Miezi minne. Ukiwaambia watoto wa sasa wanakwambia unatunga. Mei 1964 Umoja wa Mataifa wakaarifiwa kwamba viti viwili vimekuwa kimoja, basi. Wewe unaandika "moto uliwaka upande wa pili wa maji" utadhani sisi ni jiko lenu.

Haya, endelea na Wajerumani, maana mimi nimekulia ndani ya nyumba walizojenga.

Nyakach_254

Wadau wa Bongo salaam. Kenya inaanza kutajwa saa ngapi?

MzeeWaKivukoni

Kikwajuni, nimekusikia, na hilo la kiti sibishani nalo.

Wajerumani. Kwa vijana: mwaka ule Ujerumani zilikuwa mbili. Ile ya Magharibi, mji mkuu Bonn, ilikuwa na utaratibu tangu 1955 ulioitwa kwa jina la Hallstein: nchi yoyote ikiitambua Ujerumani Mashariki, Bonn inavunja nayo uhusiano. Urusi pekee ndiyo iliyovumiliwa. Hawakuwa wanatania. Yugoslavia walishavunja nayo 1957 na Cuba 1963. Kwa hiyo Ujerumani Mashariki ilikuwa imezunguka Afrika nzima inaambulia ofisi za biashara tu, hakuna aliyethubutu kuwapa ubalozi.

Unguja ikathubutu. Mara baada ya mapinduzi ikawatambua, ya kwanza Afrika, na wakamleta balozi kamili, Günther Fritsch. Mnaelewa uzito wake kwa Berlin, mji mkuu wao? Kisiwa cha karafuu kiliwapa kitu ambacho hata Cairo ya Nasser ilikuwa haijawapa. Ndiyo maana walileta kila kitu haraka: nyumba, wataalamu, vifaa.

Sasa Muungano unakuja, na Bonn wana ubalozi Dar na misaada mingi. Wakati huo Wajerumani wa Magharibi walikuwa wameanza kutusaidia kuunda kikosi cha anga na polisi wa majini. Wakamwambia Nyerere: sisi au wao. Karume naye akamwambia: Wajerumani wangu hawaondoki. Na Berlin wakajua wamekaa kati ya watu wawili ambao Muungano wao una miezi michache tu, kwa hiyo wakagoma kushusha kibao.

Mazungumzo yalikwenda tangu katikati ya 1964 mpaka Februari 1965. Kilichotoka ni hiki: ubalozi wa Unguja unafungwa, na Ujerumani Mashariki inaruhusiwa kuweka konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama nchi. Ukiangalia, hapo Nyerere aliipa Bonn karibu kila ilichotaka. Ubalozi pekee wa Ujerumani Mashariki kusini mwa Sahara ulikufa. Kilichobaki ni ofisi kama ile ambayo tayari ilikuwepo Cairo, na Bonn walikuwa wanaivumilia.

Bonn hawakuridhika. Bila majadiliano wakakata msaada wa kijeshi, wakufunzi wao wa anga wakaondoka. Walidhani Nyerere atarudi mezani. Akawajibu kwamba kama msaada ni kamba, chukueni wote. Misaada yote ya serikali ya Ujerumani Magharibi ikakataliwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba hatutakubali marafiki zetu watuchagulie maadui.

Wengi husimulia mpaka hapo na kupiga makofi. Mimi huwa najiuliza kuhusu mafundi, walimu na miradi iliyosimama. Nchi ilikuwa na mpango wa miaka mitano ulioanza 1964, uliotegemea fedha za nje kwa sehemu kubwa sana. Heshima ile ilitoka kwenye bajeti.

binti_Ukerewe

Mzee, swali la mtu asiye mwanasheria. Ubalozi ukishushwa ukawa ubalozi mdogo, kinabadilika nini hasa? Jengo si lilelile, watu walewale?

MzeeWaKivukoni

Swali zuri. Balozi anatumwa na mkuu wa nchi kwa mkuu wa nchi. Anapeleka hati za utambulisho Ikulu, anaingia kwenye orodha ya itifaki, anazungumza kwa niaba ya taifa lake mambo ya siasa. Konseli, yaani mkuu wa ubalozi mdogo, anatumwa kuhudumia raia, viza, biashara na meli. Anapokea kibali cha kufanya kazi, hana hati za kupeleka kwa rais, na kinga yake ni ndogo zaidi. Kwa hiyo unaweza kumpokea konseli bila kusema kwamba unaitambua serikali yake. Ugomvi wote wa miezi minane ulikuwa hapo.

Ila kwa matendo una haki ya kutilia shaka. Konseli wa China au wa Ujerumani Mashariki Unguja alikuwa anamwona Karume kirahisi kuliko mabalozi wengi walivyomwona Nyerere.

Kikwajuni_Juu

Ahsante kwa hilo la mwisho, sasa nimalizie mimi ulipoachia.

Mnasema Nyerere alilipa gharama kwa Bonn. Sawa. Sisi je? Wajerumani wa Mashariki walijenga Kikwajuni na Kilimani, baadaye na Michenzani. Hayo yapo, watu wanalala ndani yake mpaka leo, wala siyabezi. Lakini walileta na jengine. Markus Wolf, mkubwa wa ujasusi wao wa nje, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964. Watu wake ndio waliowafundisha watu wa usalama wetu. Muulizeni mzee yeyote wa Mji Mkongwe usalama wa miaka ile ulikuwaje, kama atakubali kukujibu. Ubalozi uliposhuka cheo, wale hawakushuka nao. Walibaki.

Kwa hiyo ukiuliza nani alimwendesha nani, uulize na wapi. Dar wanaweza kujibu hivi, Unguja tukajibu vyengine.

chai_ya_rangi

Hapo umegonga.

Mwanga_Kigoma

Wakuu, na mimi nichangie la kwetu, maana Kigoma huwa tunasahaulika mpaka treni ipinduke.

Mzee kataja mikataba. Mfano mzuri uko hapa kwetu bandarini. Mwaka 1921 Mwingereza na Mbelgiji walikubaliana Mbelgiji apewe eneo bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi: faranga moja kwa mwaka. Muda: milele. Milele kabisa! Eneo lilijulikana kama Belbase. Serikali ya Tanganyika ikasema Mwingereza alikabidhiwa nchi hii na Ushirika wa Mataifa (League of Nations) aiangalie kwa muda tu, sasa alipata wapi milele ya kumgawia mtu mwingine? Wakakataa kurithi. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa ya makaratasi ya New York pekee, yalikuwa ya kreni na magodauni.

La pili, balozi ambaye Kigoma inamhusu kabisa ni wa Cuba, Pablo Rivalta. Huyu alipigana pamoja na Che Guevara kwao, kisha akatumwa Dar. Aprili 1965 Che akaja Dar kwa siri, akapita hapa Kigoma, akavuka ziwa kwenda kwa wapiganaji wa Kongo. Mambo yakamshinda, Novemba akarudi kwa njia hiyohiyo, akajificha ndani ya ubalozi wa Cuba Dar, na humo ndimo alimoandika kumbukumbu zake za Kongo. Kinga ya ubalozi ilimfunika. Mtu anayetafutwa na dunia nzima amekaa chumbani Dar es Salaam anaandika.

binti_Ukerewe

Kigoma nimecheka hiyo ya treni lakini faranga moja imeniuma.

Na yule balozi kijana wa miaka 22 mnamwacha?

MzeeWaKivukoni

Salim Ahmed Salim. Alizaliwa Januari 1942, akapelekwa Cairo kuwa balozi 1964. Cairo ya Nasser, si kituo cha kujifunzia. Baada ya hapo India, kisha Beijing, na 1970 Umoja wa Mataifa. Oktoba 25, 1971 China ilipoingizwa Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliodhamini azimio, yeye na wenzake walishangilia wazi ukumbini. Wamarekani waliliweka moyoni. Miaka kumi baadaye alipogombea ukatibu mkuu wakamwekea kura ya turufu duru baada ya duru.

Nyakach_254

Sawa, Kenya nimejitaja mwenyewe sasa.

Nyinyi mlikuwa na Wajerumani wawili, sisi tulikuwa na Mrusi na Mmarekani ndani ya chama kimoja. Balozi wa Marekani Nairobi, William Attwood, alikuwa anaingia na kutoka serikalini, na upande wa pili Jaramogi Odinga, makamu wa rais, ana marafiki wake Moscow na Beijing. Aprili 1965 meli ya Urusi Fizik Lebedev ikaja Mombasa na silaha, Mzee Kenyatta akazikataa, zikasemwa ni kuukuu. Machi 1966 wanadiplomasia kadhaa wa nchi za kikomunisti wakapewa tiketi za kwenda nyumbani. Attwood mwenyewe alipoondoka akaandika kitabu, kikapigwa marufuku Kenya. Kwa hiyo hata rafiki tulimfungia mlango.

Na nyinyi majirani msijifanye watakatifu. Mei 1965 malori ya silaha za Kichina yalitoka kwenu kwenda Uganda, yakapita kwetu Nyanza bila ruhusa. Yalikamatwa, na Obote, waziri mkuu wa Uganda, akalazimika kuja kuongea na Mzee Kenyatta kuyakomboa. Huyo He Ying mnayemsifu alikuwa Dar wakati huo.

MzeeWaKivukoni

Nyakach, kuhusu malori huna wa kukupinga.

Niongeze ya Wamarekani halafu nipumzike. Novemba 1964 Kambona, waziri wetu wa mambo ya nje, alitangaza nyaraka zilizodai kuna njama ya Marekani dhidi yetu. Maandamano yakafanyika, baadaye ikaonekana nyaraka zile ni za kughushi. Hali ikiwa bado haijapoa, Januari 1965 ikaja ya simu. Frank Carlucci alikuwa konseli wao Unguja, Robert Gordon alikuwa mshauri kwenye ubalozi wao Dar. Walizungumza kwenye simu, na kuna watu wetu walikuwa wanasikiliza. Kwa maelezo ya Wamarekani, Carlucci alitaka Washington itume salamu za maadhimisho ya Januari 12, na Gordon akamwambia kwamba ili wakubwa wakubali anahitaji risasi zaidi. Alimaanisha hoja. Waliokuwa wanasikiliza wakasikia risasi na tarehe 12.

Wote wawili wakafukuzwa. Marekani nayo ikamfukuza mshauri mmoja wa ubalozi wetu na kumwita Leonhart nyumbani kwa mashauriano. Nyerere akamrudisha Othman Shariff, balozi wetu Washington. Kwa miezi kadhaa hakukuwa na balozi upande wowote.

Kama walipanga kweli au hawakupanga, mtabishana mpaka asubuhi. Mimi nasimama hapa: kwa simu moja iliyosikilizwa vibaya, au vizuri, nchi ilimaliza mtaji wake na taifa kubwa kuliko yote. Carlucci baadaye akawa naibu mkuu wa CIA, kisha waziri wa ulinzi wa Reagan, na kila alipopanda cheo watu wetu walisema "tuliwaambia". Hilo halithibitishi kitu kuhusu 1965.

Mpinzani_Halali

Nadhani ndugu anayejibiwa ni mimi. Nimekuja.

Mzee, umepanga matukio yanayokupendeza. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar, waliasi. Waziri wa ulinzi akazunguka na waasi, rais haonekani. Januari 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, wakazima maasi asubuhi moja. Waliitwa na nani? Na serikali hiihii unayosema iliwanyima watu usingizi. Huwezi kumwambia balozi wa Uingereza leo aondoke Unguja na kesho ukamwomba komando Dar. Huko ni kuendeshwa, hata kama dereva ni mpole.

Na 1965 mkavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Smith, mkuu wa serikali ya walowezi kule, alitoka? Aliendelea kukaa.

MzeeWaKivukoni

Karibu, nilikuwa nakusubiri.

La maasi ni kweli tupu, na Nyerere mwenyewe alilisema hadharani kuwa ni aibu. Lakini tazama alichofanya baadaye. Februari aliita mawaziri wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) Dar, akawaeleza kilichotokea, akaomba askari wa Kiafrika. Aprili kikosi cha Nigeria kikaja kushika zamu wakati jeshi jipya linaundwa upya. Aliyeendeshwa haiti mkutano wa bara zima kusema ameaibika.

La Rhodesia lazima nikae nalo, maana hapo una hoja zaidi. Smith alijitangazia uhuru Novemba 11, 1965. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa OAU wakaazimia Addis Ababa kwamba Uingereza isipomwangusha ifikapo Desemba 15, wanachama wote wavunje nayo uhusiano. Ilipofika tarehe yenyewe, kati ya nchi zaidi ya thelathini zilizopiga makofi, zilizovunja ni tisa: sisi, Ghana, Guinea, Mali, Misri, Algeria, Sudan, Mauritania na Kongo Brazzaville. Nyakach, Kenya haikuwemo, na sikulaumu, mlikuwa na mkopo wa Mwingereza wa kununua mashamba ya walowezi.

Kilichotupata: mkopo wa paundi milioni 7.5 uliokuwa umeshakubaliwa ukagandishwa. Balozi wa Uingereza akaondoka, Kanada ikabaki inaangalia maslahi yao. Kwa sheria hatukutoka Jumuiya ya Madola, kwa hiyo tulikuwa wanachama wa jumuiya moja na nchi tusiyozungumza nayo. Wakati huohuo Zambia, jirani aliyeumizwa na Rhodesia kuliko sote, haikuvunja. Kaunda hakuweza.

Ukiniuliza kama kuvunja kulimng'oa Smith, jibu ni hapana. Julai 1968 uhusiano ukarudishwa na Smith bado yupo Salisbury, mji mkuu wake. Lakini Nyerere alilieleza Bunge Desemba 14, siku moja kabla, kwamba suala ni kama azimio la Afrika lina maana au halina. Nchi tisa zilionyesha lina maana. Nyingine zikaonyesha kinyume chake, na hilo nalo lilijulikana mapema badala ya kuchelewa.

Mpinzani_Halali

Paundi milioni 7.5 ili mjue majirani zenu ni waongo. Ghali.

Kikwajuni_Juu

Ghali, lakini si ya kwanza wala ya mwisho kulipwa na asiyeulizwa.

binti_Ukerewe

Na wale marubani wa kikosi cha anga walioachwa na Wajerumani? Waliishia kuruka na nani?

MzeeWaKivukoni

Kanada tena. Walichukua mafunzo ya jeshi kuanzia 1965, pamoja na anga, wakakaa mpaka 1970, ndipo Wachina wakaziba nafasi. Bonn walifikiri wakiondoka Wachina watakuwa mlangoni siku ya pili yake na dunia itatulaumu sisi. Akaja Mkanada, mwanachama mwenzao wa NATO, ikawa vigumu kwao kulalamika. Hilo sijawahi kuona likitajwa kwenye hotuba, na kwangu ndilo pigo zuri kuliko lile la "chukueni wote".

Ujerumani Mashariki ilisubiri mpaka Desemba 1972, wakati Bonn na Berlin zenyewe zimeshasaini mkataba wa kutambuana, ndipo Tanzania ikawapa ubalozi kamili. Mmoja wa waliowakilisha nchi ile Dar miaka ya sitini, Gottfried Lessing, baadaye alikwenda kuwa balozi wao Kampala, akauawa 1979 Amin alipokuwa anaanguka.

Nyakach_254

Huyo wa Kampala naye anastahili uzi.

Kikwajuni_Juu

Kabla ya Kampala, Mzee umemtaja Othman Shariff ukampita kama mtu anayepita msibani kwa baiskeli. Balozi wetu Washington 1965. Mwaka 1969 yeye na Kassim Hanga, mwanasiasa mwenzake wa Zanzibar, wakakabidhiwa kwa serikali ya Unguja, na hawakuonekana tena. Aliyekuwa amepeleka hati za utambulisho kwa rais wa Marekani. Unasemaje?

MzeeWaKivukoni

Nasema umeuliza la kweli, na haliwezi kujibiwa chini ya uzi wa mabalozi wa kigeni. Nafungua mwingine Jumapili. Njoo na wazee wa Mji Mkongwe watakaokubali kuzungumza.